Umebeba Nini Leo

Watu wa Mlali, alikohamia Kocha baada ya kustaafu, wanasema ameingiwa na tamaa uzeeni. Ukimwamkia, kabla hata hajakuitikia vizuri, anakuuliza, "Umebeba nini leo?" Wapo wanaoona aibu kwa kuja mikono mitupu, na kesho yake wanarudi na kuku au sado ya karanga. Anapokea, anashukuru sana, na siku inayofuata anauliza vilevile. Niliposimuliwa habari hiyo nilicheka kama wengine, lakini nilishangaa pia. Miaka yote niliyokuwa naye karibu, Kocha hakuwahi kuniomba hata njiti ya kiberiti, wala hakuwa na swali hilo mdomoni.

Namwita Kocha kwa sababu wote tulimwita hivyo, mkuu wa shule na hata mke wa Kocha mwenyewe wakiwemo. Kazi aliyoajiriwa ilikuwa kufundisha Jiografia katika shule yetu ya sekondari pale Kibaigwa. Aliifanya, tena bila kukosa kipindi, ila aliifanya kama mtu aliyeko kituoni anasubiri gari. Sisi tukiwa bado tunachora ramani ya mvua, macho yake yalikuwa yameshatoka dirishani na kufika uwanjani.

Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye matege kidogo na kofia ya kitambaa ambayo rangi yake ya kwanza hakuna aliyeikumbuka. Kwa nguvu za mikono hakuwa kitu. Nilimwona siku moja akipumzika mara tatu kati ya bomba na nyumba yake, na ndoo yenyewe haikuwa imejaa, mpaka msichana wa kidato cha kwanza akamhurumia akaichukua na kuiweka kichwani. Kocha alimfuata nyuma akimsifia mwendo. Ndiye mtu huyohuyo aliyeamini, kuliko yeyote niliyepata kumjua, kwamba mwanariadha atakayekimbia alasiri ni lazima anyanyue kitu kizito asubuhi.

Nieleze vizuri, maana wengi walimwelewa vibaya, na mimi nilimwelewa vibaya kuliko wote.

Siku ya mashindano, shule nyingine ziliwaweka wanariadha wao kivulini kama mayai. Kutwa walikaa wakinywa soda na kusubiri kuitwa. Kocha aliona huo ni uvivu tu. Yeye alikuwa na gunia la salfeti, plastiki ya kufumwa, lenye madebe mawili ya mahindi, limeshonwa vizuri na limechakaa kwa kubebwa. Saa mbili asubuhi unaliweka mabegani, unachuchumaa na kusimama mara nne. Unapumzika mpaka moyo utulie. Mara nne tena. Unapumzika. Mara nne za mwisho, basi. Ukimwomba uongeze ya tano alikuwa analiondoa gunia mwenyewe, au tuseme anajaribu kuliondoa. Baada ya hapo unakunywa uji, unajilaza, marufuku bao na marufuku kuzurura. Saa tisa unakimbia.

"Misuli ina usingizi kama mtu," alikuwa akisema. "Asubuhi unaigongea mlango. Unagonga kidogo, inaamka. Ukigonga mpaka mlango uanguke, umepata nini?"

Wapo waliodai maneno hayo aliyatoa jeshini, wengine kwenye gazeti la kizungu. Mwenyewe alisema aliyatoa sokoni. Kibaigwa ni mji wa mahindi na malori, na vijana wanaopakia magunia walikuwa na timu yao ya mpira. Kocha alikaa misimu kadhaa akiwaangalia. Aliona kwamba wale waliopakia kutwa nzima jioni hawakuweza hata kuruka kupiga kichwa. Hilo kila mtu alilijua. Alichokiona peke yake ni kwamba waliolala kutwa kwa kukosa kazi nao walicheza vibaya, wazito, kama waliochelewa kuamka. Waliokuwa wanakimbia na kuruka kuliko wote ni wale waliopata lori dogo asubuhi, wakabeba magunia machache, kisha wakakaa. Mtu mwingine angeliona hilo akalisahau, lakini yeye aliliandikia daftari.

Daftari lile lilikuwa kubwa, lenye jalada gumu, kila mwanariadha na mstari wake kwa kila siku ya mbio. Alilala saa ngapi, alikula nini, alama ya asubuhi, alama ya alasiri. Alama maana yake ni hii. Nyuma ya stoo ya shule kulikuwa na ukuta uliopakwa rangi nyeusi kama ubao. Asubuhi kabla ya gunia unachovya vidole kwenye unga wa chaki, unaruka, unagusa juu uwezavyo. Alasiri kabla ya mbio unarudia. Alama ya pili ikiwa juu ya ile ya kwanza, Kocha aliandika mwisho wa mstari: Akimbie. Ikiwa chini: Apumzike. Hakuwa na neno la tatu.

Na aliliheshimu neno lake hata lilipomuuma. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye mbio kuliko wote shuleni, wa mita mia mbili. Alasiri moja, wageni wameshakaa, mkuu wa shule amevaa tai, alama ya msichana huyo ilikuja chini kwa vidole viwili. Kocha akaandika Apumzike. Msichana akalia. Mkuu wa shule akaja mbio, akamvuta Kocha pembeni.

"Kocha, unaniaibisha. Vidole viwili tu!"

"Mkuu, sikuviweka mimi. Kaviweka yeye mwenyewe ukutani."

Msichana hakukimbia. Baadaye ikajulikana alikuwa na homa iliyokuwa inaanza. Kocha hakutamba kwa hilo. Alisema tu kwamba ukuta haujui nani mgeni rasmi.

Alikuwa na vituko vyake. Alihubiri mapumziko na hakuna aliyewahi kumwona amekaa dakika kumi. Alitukataza sukari, na chai yake aliiwekea vijiko vinne, akikoroga huku ametazama pembeni kana kwamba kijiko ni cha mtu mwingine. Mwezi wa Ramadhani waliofunga aliwapunguzia gunia na kuwapangia muda wao wa peke yao, lakini yeye na funga yake alikuwa anazunguka juani na saa yake ya mkononi mpaka midomo inakauka. Mbio zikipamba moto alipiga kelele kwa Kirangi, lugha ya kwao Kondoa, maneno makali yenye mate, na sisi tusiojua Kirangi tuliamini ni matusi. Tulikuja kufafanuliwa na mama mmoja wa Kondoa aliyekuwa akiuza vitumbua getini. Alikuwa anasema, "Taratibu mwanangu, taratibu, utaumia."

Walimu wa michezo wa shule nyingine walimtania kwa jina la Kuli. "Kuli kaja na mzigo wake," walisema wakiona gunia linashushwa garini. Alicheka nao. Lakini nilikuwa nakaa karibu yake kwenye gari wakati wa kurudi, na najua kwamba kicheko kile hakikufika nyumbani.

Mimi nilikuwa wa mita mia nne. Nilikulia sokoni kwa mjomba wangu, aliyesimamia kundi la wapakiaji, kwa hiyo gunia kwangu halikuwa ajabu. Kocha alinipenda, labda kwa sababu hiyo. Mwaka wangu wa mwisho yalifanyika mashindano Kongwa ya kuchagua timu ya mkoa, wawili wa kwanza kila mbio. Afisa michezo alikuwa amemwambia Kocha kwamba nikiingia timu ile, atamwita awafundishe walimu wote wa wilaya jambo lake la asubuhi. Kwa hiyo siku ile mimi nilikuwa nakimbilia timu, na yeye alikuwa anakimbilia miaka yake yote ya kuchekwa. Tulijua wote wawili, na hatukulizungumza.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nimeshawahi kulisema kichwani kwa namna nyingi za kujitetea, hapa nitalisema lilivyo.

Asubuhi ya siku ile, jua ndiyo linachomoza, nilikwenda sokoni. Hakuna aliyenituma. Lori la mjomba lilikuwa linapakiwa, na yeye aliponiona alishangaa.

"Wewe si una mbio leo?"

"Ndiyo maana nimekuja, Mjomba."

Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Kama madebe mawili mara kumi na mbili yanaamsha misuli, magunia mazima yataiwasha moto. Mtoto aliyekulia sokoni hawezi kuamini kwamba kuna kazi inayofaa kwa kuwa ndogo. Sokoni anayebeba zaidi ndiye mwanaume, na mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Nikabeba magunia kumi na tisa, baadhi yake lumbesa, yale yaliyojazwa mpaka yakashonewa kilemba juu. Nilipomaliza nilikuwa na joto mwili mzima na nilijisikia nina nguvu za watu wawili. Joto lile lilinidanganya vibaya sana. Nikaoga, nikapanda gari la shule kwenda Kongwa, nikakaa karibu na Kocha, nikanyamaza.

Uwanjani walimu wa shule nyingine walikuwa wamesimama tayari kumtazama Kuli na mzigo wake. Afisa michezo naye alikuwepo. Kocha alichagua ukuta wa jengo la choo, akanipa chaki. Nikaruka. Alitazama alama. Kisha akanitazama mimi, shingoni, muda mrefu kuliko kawaida. Kisha akawatazama wale walimu. Akaniwekea gunia mabegani, nikachuchumaa nikasimama, mara nne, mara nne, mara nne. Afisa alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Nilijilaza na sikulala. Kila nilipogeuka, mapaja yalikuwa yanagoma.

Alasiri niliruka tena. Alama ikaja chini kwa kiganja kizima. Kocha alisimama na kalamu mkononi.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri, Kocha."

Afisa alikuwa hatua tatu kutoka pale. Kocha alifunga daftari bila kuandika neno la mwisho. Ndiyo mara pekee niliyomwona akifanya hivyo.

Mita mia mbili za kwanza nilikuwa mbele, watu wakapiga kelele. Kwenye kona ya mwisho miguu ikawa si yangu. Naikumbuka vizuri hali ile kwa sababu haikuwa maumivu. Nilikuwa naiomba miguu na yenyewe hainijibu. Nikapitwa na mmoja, wawili, nikaacha kuhesabu. Nilimaliza wa tano kati ya sita. Hakuna aliyeniita timu ya mkoa, siku ile wala nyingine.

"Kuli kamchosha mtoto wa watu," mwalimu mmoja alisema kwa sauti, na wengine wakaangua kicheko.

Kocha alikwenda moja kwa moja kwa afisa michezo. Nilikuwa nimekaa chini nafungua viatu, nikasikia kila neno. "Kosa ni langu," alisema. "Zoezi langu ndilo lililomchosha. Nilikuwa nimekosea." Afisa alimpigapiga begani kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

Nilikuwa na sentensi moja ya kusema. Nilikuwa na dakika nyingi za kuisema, kisha njia nzima ya kurudi Kibaigwa, kisha miezi mitatu mpaka nilipomaliza shule. Sikuisema. Niliona haya, na kadiri siku zilivyopita haya ile ilizidi kuwa nzito.

Jumatatu yake Kocha aliosha ukuta wa stoo kwa maji na fagio. Mahindi ya gunia aliyapeleka jikoni kwa wapishi wa shule. Tangu hapo wanariadha wake walikaa kivulini siku ya mbio kama wa shule nyingine, na walikimbia kama wa shule nyingine. Hakuna mwalimu aliyemwita Kuli tena.

Nilihamia Dodoma mjini nikawa karani wa masijala. Kazi yangu ni kuhakikisha kila karatasi iko kwenye faili lake, na naifanya vizuri. Miaka ilikwenda. Siku moja kijana mmoja wa ofisini, mpenzi wa michezo, alinionyesha kwenye simu yake video ya wanariadha wa nchi fulani wakinyanyua vyuma asubuhi ya siku ya mbio. Vyuma vichache, mara chache, kisha wanakwenda kupumzika.

"Unaona, mzee? Eti inasaidia jioni. Wenzetu wako mbali sana," alisema.

Nilimrudishia simu yake. Nilitaka kumwambia kwamba si mbali, ni Kibaigwa, nyuma ya stoo. Nilikwenda chooni nikafungulia bomba nikalia, mtu mzima na mvi zangu. Jumamosi yake nikapanda basi kwenda Mlali.

Mke wake alinipokea akanielekeza nyuma ya nyumba, linakoanza shamba lao la alizeti. Kocha alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ndoo ndogo yenye mahindi robo. Alikuwa anachuchumaa na kusimama polepole, magoti yakilia. Alipofika mara ya nne aliiweka ndoo chini.

"Shikamoo, Kocha."

"Marahaba." Alinitazama kidogo, akanitambua, akatabasamu. "Umebeba nini leo?"

"Sukari kilo mbili. Na sabuni za mama."

Alicheka mpaka akakaa. "Na wewe umeambiwa nina tamaa? Sukari nitaipokea. Lakini siulizi hiyo." Akanieleza kwamba alasiri anakwenda shule ya msingi kuwatazama watoto wakikimbia, na njia ina kilima. "Nisipoamsha haya magoti asubuhi, nafika watoto wameshamaliza."

"Kumbe bado unaamini."

"Sikuwahi kuacha kuamini. Niliacha kuwanyanyulisha watu, basi."

Nilikuwa nimeipanga sentensi yangu ndani ya basi, kwa maneno ya heshima, na yote yakapotea.

"Kocha, siku ile ya Kongwa, kabla ya gari kuondoka nilikwenda sokoni. Nilipakia lori. Zoezi lako halikuwa na kosa. Nilichoka kwa ujinga wangu, na nikakuacha uchekwe."

Alivua kofia akaiweka gotini. "Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Alama yako ya asubuhi ilikuwa chini kuliko siku zako zote. Na shingoni ulikuwa na mchubuko wa salfeti na pumba za mahindi nyuma ya sikio. Mimi ni mtu wa Kibaigwa, nisijue shingo iliyobeba?"

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Walimu walikuwa wanaangalia. Afisa alikuwa anaangalia. Ningekuuliza, ungenijibu, na ningelazimika kuandika Apumzike. Na siku ile mimi nilitaka ukimbie." Alikuwa anasema bila haraka, kama anayesoma kitu kilichoandikwa zamani. "Nilikuwekea gunia juu ya uchovu nikiuona. Niliposema kosa ni langu, ulidhani nakufichia wewe?"

Miaka yote nilikuwa nimedhani amejilaumu kwa sababu hakujua.

"Ndiyo maana siku hizi nauliza," alisema. "Watoto hawa wa hapa, kabla ya shule mmoja amechota maji ndoo nne, mwingine ametoka shamba, mwingine kambeba mdogo wake mgongoni. Usipouliza huwezi kujua unamwongezea nani. Sasa nimelizoea, nauliza mpaka wageni. Ni swali dogo. Siku ile lilinishinda."

Alimwita mkewe amletee daftari. Lilikuwa lilelile, jalada limekatika likashonwa kwa uzi wa magunia. Hakulitafuta sana, lilifunguka lenyewe kwenye ukurasa wa Kongwa. Jina langu lilikuwepo, saa za kulala, uji, alama mbili. Nafasi ya mwisho ilikuwa tupu.

Akachukua kalamu.

"Haya," alisema. "Asubuhi hii umebeba nini?"

"Magunia kumi na tisa, Kocha. Mengine lumbesa."

Aliandika pembeni. Kisha akahamia kwenye nafasi ile ya mwisho, akaandika neno moja, herufi baada ya herufi, akanigeuzia daftari nisome.

Apumzike.